Ngozi za Jikoni kwa Rutila

Ulimi wa mke wangu una rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, Rutila huchovya kidole kwenye mtungi ulio kando ya sufuria ya maharagwe, akakiramba na kufumba macho. Mtungini mna maji yaliyochemshwa na maganda ya mgunga, makali kiasi cha kumkunja punda uso. Akisema "bado," anaongeza maganda. Akisema "haya," ngozi inaingia. Mara moja, tulipokuwa bado maharusi, niliamka na kiu nikanywa kikombe kizima nikidhani ni chai ya jana. Mdomo wangu ulibaki umekauka siku mbili, naye alicheka siku hizo hizo mbili. Naitwa Gumersindo, kwa anayetaka kujua, lakini habari hizi ni zake.

Huku kwetu nyoka-njuga hatupwi. Nyama yake hukaushwa na kusagwa kwa ajili ya wenye majipu, mafuta yake tunapaka magoti, na ile njuga ya mkiani wapiga gitaa huitumbukiza ndani ya gitaa, wanasema inalinda sauti. Ngozi huletwa kwa Rutila. Yeye huikwangua nyama kwa kijiko butu, huilaza kwenye maji mepesi ya mgunga, kisha makali, kisha makali zaidi, halafu huitandaza juu ya ubao kivulini na kuipaka mafuta kutoka kichwani kwenda mkiani, kamwe si kinyume. Siku ishirini na kitu baadaye unaweza kuikunja na kuitia mfukoni kama leso. Miaka yote hii mafundi wa matandiko ya farasi hapa mjini wameishona mikanda, viatu na kanda za kofia.

Hakufundishwa na mtu. Baba yake alikuwa kibarua wa reli, na kila nyoka aliyekatiza kwenye mataruma aliuawa kwa koleo na kutupwa kando. Rutila, akiwa na miaka tisa, alikuwa anawaokota. Bibi yake alijua kulainisha ngozi za mbuzi kwa maganda ya mgunga, basi mtoto akajisemea kwamba nyoka naye ni mbuzi mwembamba tu. Ngozi ya kwanza ilioza. Ya pili ilikakamaa mpaka ikawa inalia ukiikunja. Ya tatu ililiwa na mbwa. Ya saba, anasema, ilimfanya akae nyuma ya banda la kuku akalia kwa furaha, na hakumwonyesha mtu yeyote wiki nzima, kwa sababu alitaka iwe yake kwanza.

Mimi nilimpata kwa mkanda. Nilikuwa kijana, nakwangua nyuzi za mkonge milimani, na fedha yangu ya kwanza ya maana nilinunulia mkanda wa nyoka kwa mchuuzi mmoja gulioni. Nikapita mbele ya nyumba yao mara tatu, kifua mbele. Mara ya tatu akaniita.

"We kaka, nani kakushonea huyo nyoka anayerudi nyuma?"

"Anarudi nyuma vipi? Huu mkanda wa bei, dada."

"Bei utaijua mwenyewe. Hebu geuka." Nikageuka, mjinga mimi. "Kichwa wamekiweka kwenye chuma cha kufungia. Kila ukiupitisha mkanda kwenye vitanzi vya suruali, vitanzi vinakwenda kinyume cha magamba. Unamchuna mara ya pili kila asubuhi. Ona yalivyosimama, utadhani kuku mwenye baridi!"

Niliondoka nimeshika kiuno kwa mikono yote miwili. Wiki tatu baadaye alinipa mkanda mwingine, kichwa kikitangulia, na ndio ninaouvaa mpaka leo. Umeongezwa matundu sita kwa sababu ya tumbo, lakini hakuna gamba lililoinuka. Nikamwoa, na nikikutana na mtu asiyejua kwamba mimi ni mume wa Rutila Coronado, namwambia kabla hajaniuliza.

Pamoja na hayo yote, mafundi wa mjini walimwita "mama wa ngozi za jikoni." Jina hilo lilikuwa linanichoma. Fundi Heliodoro Zamarripa, bingwa wa matandiko, alizichukua ngozi za mke wangu miaka thelathini na kuzigonga muhuri wake, herufi mbili ndani ya duara. Mteja akiuliza nani kalainisha ngozi nzuri namna hii, Heliodoro hujibu, "Karakana yangu." Karakana gani? Karakana hiyo ina paka juu ya jiko na inanuka vitunguu! Mara ngapi nilivaa kofia niende nikamwambie maneno mawili matatu, na mara ngapi Rutila akanivua.

"Mwache. Ngozi inajua ilikotoka."

"Ngozi haina mdomo, mama Amparo."

"Wa kwako unawatosha wote wawili, baba Amparo."

Amparo ni binti yetu, ameolewa mbali kaskazini. Nyumbani tumebaki sisi, paka na mitungi.

Nyumba yetu ina sheria moja, na wawindaji wote wanaijua: nyoka haingii bila kichwa. Rutila anataka kumwona macho. Nyoka akikaribia kujivua gamba, macho yake huingia ukungu wa buluu, na ngozi ya nyoka wa hali hiyo inadanganya. Unailoweka, unaikwangua, unaipaka mafuta, na siku unapotaka kuishona magamba yanateleza na kubaki mkononi mwako. Kwa hiyo Rutila hufungua gunia, humtazama nyoka usoni, ndipo humtazama mwindaji na kumsabahi. Kichwa huzikwa baadaye nyuma ya nyumba, kina cha mkono mzima, kwa kuwa kichwa cha nyoka-njuga hata kikikatwa huweza kuuma.

Sasa, kanisani kwetu Mtakatifu Yakobo amepanda farasi. Farasi ni wa mbao, lakini tandiko lake ni la kweli, na kila baada ya miaka ishirini na mitano mji humshonea jipya. Chini ya bawa la tandiko, mahali ambapo hapaonekani na mtu, huchomwa kwa chuma cha moto majina matatu: aliyechonga kiunzi chake cha mti, aliyelainisha ngozi na aliyeshona. Nimewahi kuyaona ya zamani. Yote ya wanaume. Egemeo la nyuma la tandiko hilo huzungushiwa ngozi ya nyoka-njuga, kipande kimoja kisicho na kiungo, kwa hiyo anatakiwa nyoka wa pima nzima, na nyoka wa namna hiyo siku hizi haonekani ovyo.

Mwaka huo zamu ya kushona ilikuwa ya Heliodoro. Alikuja nyumbani mwezi wa Mei, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti changu.

"Mama Rutila, sikufichi. Wenzangu wanataka niagize ngozi ya kiwandani, huko León. Wanasema ya jikoni inafaa mkanda wa mtoto, siyo Mtakatifu."

"Na wewe Fundi, unasemaje?"

"Mimi nasema, ukiniletea pima moja, wiki moja kabla ya sikukuu, nitaipokea. Nitaikwaruza kwa ukucha kutoka mkiani kwenda kichwani. Likiinuka gamba moja, moja tu, naagiza León, na nafasi ya jina inabaki tupu."

"Yasipoinuka?"

Heliodoro aliizungusha kofia yake mikononi. "Yasipoinuka, jina lako nitalichoma kwa mkono wangu huu."

Alipoondoka, Rutila alikoroga maharagwe muda mrefu kuliko maharagwe yalivyohitaji.

"Unalitaka?" nikamwuliza.

"Nalitaka," akasema bila kugeuka. "Nalitaka mpaka naona haya."

Katika ndoa yetu yote sikuwa nimewahi kumsikia akitaka kitu kwa sauti. Usingizi ulinipaa kwa ajili ya lile neno.

Mvua zilichelewa mwaka ule, na bila mvua nyoka hawatoki. Wawindaji walileta vijinyoka vya kutosha kanda za kofia tu. Ilipofika wiki ya tatu ya Juni hesabu ikawa mbaya: ngozi inataka zaidi ya siku ishirini, na sikukuu ni tarehe ishirini na tano Julai. Ndipo Rutila akaenda Cedral kwa dada yake, ubatizo wa siku mbili, na ndipo Chon Rangel, mwindaji wetu wa siku zote, akabisha hodi na mzigo begani. Ngozi ilikuwa imeshachunwa, imetiwa chumvi, imekunjwa kama mkeka. Akaikunjua uani. Ilianza mlangoni, ikaishia kwenye pipa la maji. Pima moja na shubiri.

"Kichwa kiko wapi?" nikauliza, maana sheria naijua.

"Nimekizika kulekule mlimani, mzee. Jua lilikuwa linachoma, nisingemchuna palepale angeharibika. Lakini macho nimeyaona mimi mwenyewe. Yanang'aa, safi kabisa."

"Mama Amparo hayupo."

"Haya basi, naipeleka Matehuala. Kuna bwana ananingoja."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningemwambia angoje siku moja tu, angengoja. Lakini niliitazama ile ngozi nikaona jina la mke wangu limeshachomwa, nikasema lete hapa. Tena haikuishia hapo. Niliikwangua mwenyewe kwa kijiko chake, nikaitumbukiza mtungini, nikaenda kwa kinyozi nikatangaza mbele ya watu wanane, Heliodoro akiwa na povu mashavuni, kwamba ngozi ya Mtakatifu imepatikana, na ya jikoni, ndiyo, mnasemaje sasa?

Rutila aliporudi aliinua kifuniko, akaiona, akashika kifua.

"Macho?"

"Yalikuwa safi," nikasema.

Sikusema ni nani aliyeyaona. Akaniamini. Kwa mambo mengine huwa haniamini, na ana sababu zake, lakini kwa jambo la nyoka nilikuwa sijawahi kumdanganya.

Siku ya nane aliniita kutoka jikoni kwa sauti ndogo. Ile kubwa nimeizoea. Ngozi ilikuwa mezani, chini ya dirisha. Karibu na mkia magamba yalikuwa yamefifia, na juu yake utando mwembamba ulikuwa umeachia, mithili ya ganda la kitunguu. Aliugusa kwa kidole, ukasogea.

"Uliyaona macho yake?"

"Chon alisema..."

"Sijakuuliza Chon alisema nini. Wewe, kwa macho yako, uliyaona?"

"Hapana."

Akakaa kitini. Hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana.

"Na ulikwenda ukatangaza kwa kinyozi."

"Nilitangaza."

"Mbele ya Heliodoro."

"Alikuwa ananyolewa, asingeweza kukimbia." Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Nilishaliona jina langu pale, Gumersindo," akasema. "Nililiona herufi kwa herufi."

Hakuna anayeniita Gumersindo nyumbani kwangu. Nilichukua fimbo nikatoka bila kofia.

Kwa Chon ni kupanda mlima, na magoti yangu yalinilaani njia nzima. Nilimkuta mlangoni kwake anakaza nyuzi za gitaa.

"Mwongo mkubwa we! Yule nyoka alikuwa na ukungu machoni!"

"Mzee, kaa kwanza, utaanguka. Naapa kwa mama yangu yalikuwa yanang'aa."

"Ukaape mbele ya mke wangu! Simama, twende!"

Alinifuata, gitaa mgongoni, kwa kuwa haliachi hata akienda chooni. Alipofika mbele ya Rutila akavua kofia na kulisema lake lote kwa mkupuo mmoja.

"Mama, mimi huyu nyoka nilimwona mara ya kwanza wiki mbili kabla, chini ya mawe yake, macho buluu tupu. Nikasema hapana, huyu mama Rutila atanitupia usoni. Nikamwacha. Nikawa narudi kila baada ya siku mbili kumchungulia. Siku yalipong'aa, nikamchukua siku hiyohiyo. Sasa kosa langu ni lipi?"

Rutila aliinua kichwa. "Rudia hapo. Yalikuwa buluu, halafu yakang'aa?"

"Yakang'aa, mama."

"Na gamba la zamani? Ulilikuta limevuliwa kwenye mawe?"

Chon akajikuna shingo. "Hapana. Gamba sikuliona."

"Wajinga wawili," akasema Rutila, kisha akajigusa kifua kwa kidole. "Watatu, na mimi nimo."

Akatueleza. Utotoni aliwahi kumfuga nyoka mmoja kwenye sanduku la misumari ya reli, akamwona akijivua. Ukungu huingia wakati ngozi mpya inajengwa chini ya ile kuukuu. Ikishakamilika, ukungu huondoka, macho hung'aa kama hakuna lililotokea, na nyoka hukaa siku tatu nne amevaa nguo mbili kabla ya kuvua ya juu. Chon alikuwa amemkamata katika siku hizo. Zilikuwapo ngozi mbili zamani zilizomharibikia ingawa macho aliyaona safi, akazitupa kwa hasira bila kujua kwa nini. Sasa alijua. Sheria yake, ambayo mji mzima ulikuwa unaiogopa, ilikuwa na tundu, na mwenyewe ndiye aliyeliona akalisema mbele yetu. Nani kati ya wale mafundi wa mjini angeweza kufanya hivyo?

"Njuga yake iko wapi?" akauliza.

Chon akawa mwekundu. "Imo humu." Akalitikisa gitaa.

Tulilipindua, tukalitikisa, tukalipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Zikatoka njuga tatu, kifungo na sarafu ya peso ambayo Chon alisema alikuwa anaitafuta tangu Krismasi. Rutila aliokota njuga kubwa kuliko zote. Kila nyoka anapojivua, njuga huongezeka pingili moja, na pingili hiyo hutengenezwa mapema, chini ya gamba, pale kwenye shina. Akachukua sindano, akauinua utando wa shinani taratibu. Chini yake palikuwa na pingili mpya, inang'aa. Akaigonga kwenye jino lake.

"Ngumu," akasema. "Imeshaiva. Na ngozi ya chini imeiva nayo."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo tunamvua sisi. Leo hii, kabla jua halijazama. Maji ya mgunga yakizidi kuingia, nguo mbili zitashikana, na hapo tena hakuna wa kuzitenganisha."

"Na ikitoka na ile ya chini?"

"Ikitoka na ya chini, utarudi kwa kinyozi ukatangaze tena."

Tuliiweka karaini uani, kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi nilishika upande wa shingo, Chon upande wa mkia, Rutila akapiga magoti katikati na mwiba wa mkonge mkononi. Nyoka huanza kujivua mdomoni, gamba likigeuka ndani nje, basi naye alianzia shingoni. Aliingiza mwiba, akainua, akauweka mwiba kando, akaendelea kwa ncha za vidole. Shubiri ya kwanza tu, magamba mawili ya chini yakang'oka pamoja na utando, pakabaki kidoa kitupu, kadiri ya punje ya dengu. Mikono yake ikasimama. Niliona jasho likimtiririka puani likidondokea karaini.

"Hapo patafichwa na pindo," akasema mwisho, akijiambia mwenyewe. Akavuta pumzi, akaendelea.

Kisha utando ukakubali. Ukaanza kutoka kama soksi ya mtoto aliyelala, taratibu, ukijikunja kuelekea mkiani, na chini yake ikawa inatokea rangi. Nina miaka sitini na mitatu, nimewaona nyoka wa huku wazima na wafu, na rangi ile sikuwahi kuiona. Mabaka ya mgongoni yalikuwa meusi ti, kila moja na ukingo wa asali, na hapakuwa na mkwaruzo hata wa unywele. Mwenyewe nyoka alikuwa hajaivaa bado. Chon akapiga ishara ya msalaba kwa mkono wenye maji, mkia ukamponyoka.

"Shika mkia!" Rutila akafoka. "Sala baadaye!"

Ilipomalizika alikaa chini kwenye vumbi, miguu mbele, utando mzima mapajani, akacheka na kulia vyote pamoja. Nilifikiri juu ya yule mtoto nyuma ya banda la kuku. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya Chon, na sioni aibu kusema.

"Nimekusikia," akasema. "Ila wewe na huu mtungi mtaonana Agosti."

Alipika maji mapya, akayaonja asubuhi na jioni, na mimi nilikatazwa hata kupita upande ule wa jiko. Tarehe kumi na nane Julai tuliipeleka kwa Heliodoro, imefungwa ndani ya shali yake ya kwenda kanisani. Wenzake wawili walikuwapo, wale waliotaka ngozi ya León, mikono wameifumbata.

Heliodoro aliitandaza kwenye meza yake ya kushonea, akavaa miwani. Dole gumba lake la kushoto lina ukucha mrefu wa kazi. Akauweka mkiani, akaukandamiza, akauvuta kinyume cha magamba mpaka shingoni. Mlio wake niliusikia kwenye meno. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, safari hii pembeni, ambako ngozi huwa nyembamba. Akainama akaitazama kwa usawa wa meza. Hakuna kilichosimama.

"Hii umeitia rangi?" akauliza.

"Rangi ni yake mwenyewe. Mimi nimemvua nguo ya juu tu."

Heliodoro akavua miwani. Akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mama Rutila," akasema, "miaka thelathini nimegonga muhuri wangu juu ya kazi yako."

"Najua, Fundi. Nilikuwa naiona ikipita kwenye viuno vya watu."

Akatia vyuma vya herufi kwenye makaa. "Niandikeje? Rutila wa Gumersindo?"

"Rutila Coronado," akasema mke wangu. "Gumersindo nitamwandika kwenye mtungi, asiuguse."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka hauna pa kuongezea. Heliodoro alichoma herufi moja moja chini ya bawa la tandiko, moshi ukimpanda usoni. Alipofika ya mwisho akasita, akamkabidhi chuma. "Hii ichome mwenyewe." Akaichoma. Ile O imeegemea kidogo upande wa kulia, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Siku ya sikukuu Mtakatifu alitoka saa nne asubuhi, juu ya jukwaa lililobebwa mabegani mwa wanaume kumi na wawili, matarumbeta mbele, tandiko jipya likimeta juani. Watu walikuwa wanaonyeshana kwa vidole lile egemeo. Tulipofika mtaa wa kinyozi, mvua iliyotunyima mwezi mzima wa Juni ikaamua kuja yote kwa pamoja. Wabebaji wakaliweka jukwaa chini katikati ya njia. Likaletwa turubai, likawafunika Mtakatifu na kichwa cha farasi, likaishia hapo. Nyuma, tandiko likabaki linanyeshewa. Watu wote wakakimbilia chini ya mapaa.

Rutila hakukimbia. Aliachia mkono wangu akatembea peke yake katikati ya ile mvua, akaenda kusimama nyuma ya farasi. Wanawake walikuwa wanampigia kelele, mama utaugua, mama rudi huku. Nikamfuata, na magoti yangu. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya mabaka yale meusi na kudondoka pembeni. Alikuwa ameinama, uso karibu kabisa, anapitisha kidole kuanzia upande mmoja mpaka mwingine, gamba kwa gamba.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Hakuna lililoinuka," akasema. Alinitazama, maji yanamtiririka kidevuni. "Hata moja, baba Amparo."

Basi nikageuka kuelekea paa la kinyozi, ambako walikuwa wamejibanza Heliodoro na wale wa León na nusu ya mji, nikavua kofia nikapaza sauti kushinda mvua.

"Ya jikoni hiyo! Mmeiona? Imetoka jikoni kwangu!"

"Kwangu," akasema Rutila.